Mboga Chini ya Michungwa

Shambani, 3 Machi

Mama, shikamoo.

Miezi miwili imepita tangu lori likuchukue, na natumaini wifi na mtoto wanaendelea vizuri. Mwanao amenisimulia kuwa mtoto ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Nikamwambia hiyo ni sauti ya ukoo wenu, mimi niliolewa nikaikuta.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unajua hali ilivyo: mtandao unapatikana kule kilimani tu, na kilimani hakukosi watu, na kila mmoja kaenda na masikio yake. Dereva wa lori la machungwa amekubali kuwa tarishi wetu. Anasema mradi bahasha iwe imefungwa vizuri, maana asipoona gundi anashawishika.

Shamba liko salama. Mfereji tumeuzibua, maji yanafika mpaka mistari ya chini. Michungwa ya juu imeanza kutoa majani machanga. Mwanao anarudi kutoka karakana ya pampu kila Jumamosi, anakula, anauliza habari za miti, kisha analala kama gunia.

Mama, nina swali. Juzi asubuhi niliona kitu cha ajabu kwenye jani. Nywele zimesimama wima, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, na juu ya kila unywele kuna punje ndogo kama kichwa cha pini. Nilipopuliza zikayumba lakini hazikuanguka. Wewe umekaa shamba hili tangu michungwa ikiwa miche. Ni kitu gani? Ni ukungu? Ni mayai? Na kama ni mayai, nani huyo anayetundika mayai yake juu ya nywele? Nimekaa na jambo hili kichwani mpaka mwanao ananiuliza kama naumwa.

Mpe mtoto busu langu.

Mkweo


Mjini, 11 Machi

Mke wa mwanangu, marahaba.

Barua imefika, imepakwa oili ya lori lakini inasomeka. Mtoto hajambo, mama yake hajambo, mimi sijambo. Mwandiko huu ni wa wifi yako. Mkono wangu wa kulia umeshikwa na maumivu, kwa hiyo mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza lake.

Umeniandikia nusu ukurasa juu ya nywele zilizo kwenye jani. Jani la nini? Lingekuwa la mchungwa ungeandika la mchungwa.

Halafu jirani wa ng'ambo ya mfereji kanipigia simu. Kapanda kilima na magoti yake yale ili tu aniambie kwamba shamba langu limegeuka genge la mboga. Kuna kunde, anasema. Kuna bamia. Maboga yanaparamia miti. Kuna kitu chenye maua meupe kinanukia mchuzi mpaka kwake, na wadudu wanavuma humo utadhani kuna mashine. Nikamjibu kwamba hayo yote nimeagiza mimi. Akanyamaza kama mtu aliyeangusha sahani.

Sikuagiza. Nimekukinga mbele ya mtu wa nje kwa sababu wewe ni wa nyumbani kwangu. Lakini sasa tuko wenyewe, na nataka kujua: nilikuambia nini mguu wangu mmoja ukiwa tayari kwenye lori? Nilisema chini ya michungwa pawe peupe. Sikusema pawe peupe isipokuwa ukijisikia kupanda bamia.

Niandikie ukweli wote, usipunguze wala usipambe.

Na hizo punje zina rangi gani? Nyeupe kabisa, au zinaelekea kijani? Zimekaa mojamoja au zimekusanyika?

Mama mkwe wako

(Wifi, hapa ni mimi mwandishi. Amekasirika, sikudanganyi, lakini ile sehemu ya nywele alinisomesha tena na tena. Usiogope sana.)


Shambani, 19 Machi

Mama, shikamoo tena, na hii naitoa nikiwa nimepiga magoti.

Ukweli ni huu. Ulipoondoka nilisafisha kabati la jikoni nikakuta kopo la mbegu za giligilani zilizokwisha harufu. Sikutaka kuzitupa jalalani, nikazimwaga katikati ya mistari ya juu, basi. Mvua ikanyesha. Zikaota zote, kwa ukaidi, kana kwamba zilisikia nimesema hazifai. Nilikusudia kuzing'oa Jumatatu. Jumatatu zilikuwa nzuri sana. Nikasema Ijumaa. Zilipochanua maua ndipo nikaona wageni, na baada ya kuwaona wageni sikuweza tena.

Kunde, mchicha na bamia nilipanda mwenyewe, kwa makusudi, nikitaka kuona nani mwingine atakuja. Maboga naapa sikuyapanda. Yalitoka kwenye shimo la takataka yakajialika.

Mwanao alijua. Usimgombeze, nilimwambia wakati anakula.

Sasa wageni wenyewe. Kuna nzi aliyevaa nguo za nyuki, mistari ya njano na nyeusi, lakini hana mwiba. Anasimama hewani palepale kama ametundikwa kwa uzi, kisha anahamia ua la pili bila wewe kuona alivyofika. Kuna nyigu mdogo kuliko punje ya ufuta. Huyu wa mwisho nilimfuata mpaka shingo ikakakamaa. Anatoka kwenye ua la giligilani, anakwenda kwenye majani machanga ya mchungwa walipo vidukari, wale wa kijani wanaofyonza utomvu. Anamchagua mmoja, anakunja mkia chini ya tumbo lake, anamchoma mara moja, anaondoka. Baada ya siku kadhaa kidukari yule anavimba, anakauka, anakuwa rangi ya ganda la kitunguu. Halafu tobo la duara linatokea mgongoni, na ndani hamna kitu. Mama, nadhani mtoto wa nyigu analelewa humo ndani! Nilimwambia mwanao, akasukuma sahani ya wali pembeni.

Zile punje zilikuwa kijani hafifu, zimekaa pamoja kwenye jani la kunde. Sasa zimegeuka kijivu, na nyingine zimebaki maganda. Aliyetoka humo sikumwahi.

Kuna jambo moja linanitia hofu na sitaki ulisikie kwa jirani. Vidukari ni wengi mwaka huu, majani machanga mengi yamejikunja. Na ndani ya yale yaliyojikunja nimekuta vijitu vibaya sana: vyeusi, virefu, vina miiba mgongoni na doa la rangi ya chungwa ubavuni. Ni kama mamba waliopunguzwa. Vinatembea katikati ya vidukari kama wenye nyumba. Hivyo ni nini? Nifanye nini?

Mkweo mwenye makosa


Mjini, 26 Machi

Mke wa mwanangu,

Nimesikia yote. Kuhusu jikoni kwangu na makopo yangu tutazungumza ana kwa ana.

Maboga yang'oe. Mboga nyingine ziache mpaka nirudi nizihukumu mwenyewe, mradi ziwe hatua moja kutoka kwenye mashina.

Hao mamba wako, ponda. Wote. Nilikuwa nawaponda tangu mume wangu yu hai. Mtu akikutwa ndani ya nyumba iliyovunjwa huna haja ya kumuuliza anafanya nini humo. Jani limejikunja, yeye yumo ndani, kwisha.

Huyo nyigu wa ufuta anachomea wapi, mgongoni au ubavuni? Na kidukari anapochomwa anaruka, ama anakubali tu? Wifi yako naye anataka kujua. Tumebishana.

Mama mkwe wako


Shambani, 8 Aprili

Mama, shikamoo.

Niliwaponda kama ulivyoagiza. Nilianza mti wa kwanza mstari wa juu kabisa, nikaenda jani kwa jani mpaka kucha za dole gumba zikawa njano. Wanatoa majimaji yenye harufu chungu. Nilijiona mchapakazi.

Lakini wachache niliwaweka kwenye chupa ya jemu. Sikuwa na sababu, Mama, ila ile tabia yangu ya kutaka kuona. Niliwawekea tawi lenye vidukari, nikafunika kwa kitambaa, nikaiweka chupa karibu na dirisha la jikoni.

Walikula, na si jani walilokula. Walikula vidukari, kama watu waliotoka safari ndefu. Wanamshika mmoja, wanamtafuna mpaka miguu, wanamgeukia mwingine. Kila jioni nilibadilisha tawi na kila asubuhi lilikuwa safi. Kisha wakaacha kula. Wakajibandika kwenye kioo, wakajikunja, wakatulia, nikadhani nimewaua na hao pia. Jana nilikuwa napika maharage, nikaona kwenye chupa ganda limepasuka mgongoni. Akatoka mdudu laini, wa njano tupu, hana hata doa, amelowa kama mtoto mchanga. Nikavuta kigoda nikakaa. Madoa yalikuja polepole, yakijitokeza kwenye ngozi mithili ya wino unaopanda kwenye karatasi. Kufika mchana alikuwa mwekundu, mviringo kama kifungo cha shati, ana madoa meusi. Unamjua, Mama. Ni yule ambaye watoto humpandisha kidoleni wakamwimbia aruke.

Maharage yaliungua. Sikusikia harufu.

Wale mamba ni watoto wake. Nimeua watoto wake mti kwa mti, na wao ndio walikuwa wakitusaidia.

Na sasa kuna hili. Mwanao ameona majani yaliyojikunja na ameazima bomba la kupulizia dawa. Anataka kupulizia shamba zima Jumamosi. Tumegombana. Hatujawahi kugombana kwa ajili ya wadudu.

"Unataka niwaambie wanunuzi majani yamejikunja kwa sababu mke wangu anafuga?" akasema.

"Sifugi. Wanakuja wenyewe."

"Hata wezi wanakuja wenyewe."

Nikamwonyesha chupa. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mdudu mmoja kwenye chupa, na miti yote ile nje." Hakusema kwa ubaya. Anaogopa, Mama. Anasema shamba lisipozaa mwaka huu hana neno la kukuambia utakaporudi. Na hata mimi sijui kama watatosha. Dereva anapita hapa kabla ya Jumamosi. Amua wewe.

Mkweo


Mjini, 11 Aprili

Wanangu wote wawili,

Wewe mwanaume, mistari ya chini pulizia kama ulivyotaka. Funika uso na uoge vizuri baadaye. Wewe mwanamke, mistari ya juu ni yako, pamoja na mboga zako. Asiguse wa huku cha wa kule. Kisha mniandikie mnachokiona, si mnachotaka nisikie.

Sijui nani kati yenu yuko sawa. Wifi yako ameinua uso aliposikia nikisema sijui, lakini nimemwambia aandike hivyohivyo. Yule niliyemkuta kwenye nyumba iliyovunjwa kumbe alikuwa askari. Nami nikatuma watu wampige.

Nitachelewa kujibu barua zijazo. Kuna shughuli kidogo hapa.

Mama yenu


Shambani, 10 Mei

Mama, shikamoo.

Nimeandika mara mbili, hukujibu. Dereva anasema bahasha alimkabidhi wifi mlangoni na wewe hukutoka, wala sauti yako hakuisikia ndani. Mwanao alipanda kilimani akapiga simu, wifi akasema umelala. Saa nne asubuhi? Wewe? Tafadhali, hata mstari mmoja.

Ninaandika tulichokiona, kama ulivyoagiza.

Mistari ya chini baada ya dawa ilipendeza. Majani yalinyooka yakang'aa, jirani akavuka mfereji kuja kumpongeza mwanao, wakashikana mikono kama mabwana. Mimi nilipita huko asubuhi iliyofuata na kitu kikanishinda kukielewa, mpaka nikasimama. Palikuwa kimya. Hakuna anayevuma, hakuna anayepita mbele ya uso. Chini nikawakuta wale nzi wenye nguo za nyuki wamelala chali.

Vidukari walirudi mapema kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Sijui walitoka wapi, labda shamba la jirani. Wakakuta majani mapya na hakuna wa kuwauliza, wakazaana mpaka matawi yakanata utomvu na masizi meusi yakashika juu yake. Mwanao alichuchumaa chini ya mti mmoja Jumamosi yote, ameshika jani, analigeuza huku na huku. Aliporudi nyumbani akasema, "Nikipulizia tena watarudi tena." Akalipeleka bomba kwa mwenyewe.

Mistari ya juu sikufichi: haikupendeza. Majani mengi hayakukunjuka tena na baadhi ya matawi madogo nimeyakata. Kuna mchungwa mchanga uligeuka manjano kwa sababu mchicha wangu ulikuwa karibu mno ukinywa maji yake, nimeusogeza. Bamia zilileta wadudu wekundu walionuka na waliotoboa maganda yote, kwa hiyo bamia hatukula. Lakini vidukari, Mama, wamekwisha. Hawakuondoka, wameliwa. Matawi yamejaa maganda yao ya rangi ya kitunguu, kila moja na tobo lake, na wale wekundu wenye madoa wanatembea juu yake wakitafuta mabaki. Juzi mwanao mwenyewe aliniambia, huku akitazama pembeni, "Zile mbegu za kunde zimebaki?" Anataka kupanda mistari ya chini.

Nami nina swali moja, na nauliza kwa adabu yote. Kwa nini ulitaka pawe peupe? Mwanao hajui. Anasema zamani, akiwa mdogo, mlipanda hata karanga humo. Nimeolewa hapa nikaikuta amri hiyo na sikuwahi kuisikia sababu yake. Kila nilipoomba hata kijituta cha nyanya ulisema hapana, na ulisema haraka. Nilidhani ni kwa ajili yangu. Nilidhani hukutaka mkono wangu uonekane kwenye shamba lako.

Tafadhali jibu, hata kama ni kunigombeza.

Mkweo


Mjini, 21 Mei

Mkwe wangu,

Mwandiko huu uliopinda ni wangu mwenyewe. Mkono wangu hauna kitu, haujawahi kuwa na kitu. Ni macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Sikuja mjini kwa ajili ya mjukuu peke yake. Nilikuja kufanyiwa upasuaji, na mjukuu akanifaa kuwa kisingizio kabla hata hajajua kukaa. Jicho la kwanza walilifanya baada ya ile barua ya Aprili, la pili wiki iliyopita. Siku ile dereva alipokuja nilikuwa chumbani nimefungwa bandeji, na nilimkataza wifi yako asiseme. Usimlaumu. Alitaka kusema tangu mwanzo.

Sasa nakujibu. Nilitaka pawe peupe kwa sababu nilikuwa sioni ninapokanyaga. Machungwa yaliyoanguka nilikuwa nayatafuta kwa mguu. Ulipokuwa dirishani ukiniona natembea taratibu, ukadhani nakagua shamba kwa madaha, nilikuwa napapasa miti kwa kiganja nijue nimefika wapi. Mche mmoja ukiota katikati, mguu wangu haujui kama ni mche, kamba au nyoka. Haikuwa kilimo. Na haikuwa wewe. Nilisema hapana haraka kwa sababu ningesema polepole ungeuliza kwa nini.

Kwa nini nilificha? Mwanangu ana moyo mzuri, lakini akisikia mtu anaumwa anamketisha. Angenitafutia kiti chenye mto, angeniweka barazani aniletee chai na magazeti nisiyoweza kuyasoma, na shamba lingepata mpangaji wa kwanza mwenye maneno matamu. Nilitaka niende kipofu nirudi naona, na katikati asijue mtu. Sikufikiri wewe katikati ungekuwa unajiuliza kama nakuchukia. Hilo sikulifikiria kabisa, na limenikaa vibaya tangu barua yako ifike.

Ngoja nikuambie na hili, kisha nipumzishe macho, daktari kanipa muda mfupi wa kuandika. Mwanzoni nilikuuliza rangi za punje ili nikubane, nione kama unadanganya. Baadaye nilikuwa nimelala na kitambaa usoni, nyumba nzima ni sauti tu: maji, sufuria, mtoto, redio ya jirani. Wifi yako akanisomea tena yule mdudu aliyetoka njano tupu halafu madoa yakapanda kama wino. Nikamwona. Nilimwona vizuri kuliko nilivyokuwa nimeona kitu chochote kwa muda mrefu.

Mwambie mumeo habari hii wewe, taratibu, akiwa amekwisha kula. Asije mbio. Nitarudi na lori mwezi ujao.

Mama


Shambani, 29 Mei

Mama, shikamoo.

Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikacheka kwa sababu nilikumbuka siku ulipoisifu nguo yangu ya bluu na mimi nilikuwa nimevaa ya kijani, nikadhani ni dhihaka.

Nilimwambia alipomaliza kula. Hakuja mbio, nilimshika shati. Akakaa tena, akasema, "Ndiyo maana alikuwa ananishika bega tukitembea. Mimi nilidhani ananipenda." Nikamwambia vyote viwili vinawezekana.

Katikati ya mistari yote nimeacha njia, upana wa mtu na kikapu chake, na nimeitandazia nyasi kavu ili mguu uijue hata jicho likichoka. Mwanao amepanda kunde mistari ya chini, amezipanda zimesimama kama askari, huwezi kumbadilisha.

Njoo uhukumu.

Mwanao wa huku


Shambani, 24 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama, wewe na mtoto msiwe na wasiwasi. Dereva alinipandisha mbele, akanieleza kila bonde tulilopita mpaka nikamwambia nayaona.

Nianze na mabaya ili niyamalize. Nyumba ina utando wa buibui kila pembe na nimejua kwamba ulikuwepo siku zote. Ndugu yako ana mvi. Hakuna aliyeniambia. Mistari ya chini bado ina masizi, na machungwa yake mwaka huu hayatajaza hata macho. Ya juu ni madogo kuliko niliyozoea, lakini yapo, yamekaa vizuri, na majani ya msimu huu yametoka yamenyooka. Kama yatakuwa matamu sijui, tutajua yakiiva.

Kuhusu mboga tumekwisha gombana. Nimesema kunde ziko karibu mno na mashina. Yeye amesema ni hatua niliyoagiza mwenyewe. Tumekwenda na fimbo tukapima, na sisemi nani aliyeshinda. Bamia tumekubaliana hapana. Jirani alikuja jana na kikombe kuomba mbegu za giligilani, eti za jikoni. Mkewe hupika bila giligilani tangu naolewa. Nilimjazia kikombe.

Ndugu yako ananitazama kila nikishuka ngazi, mikono iko tayari kudaka. Nimemwambia akiendelea hivyo nitajiangusha kusudi.

Mwanangu, kuna kitu sikuwahi kukuambia kwa sababu sikukijua. Wifi yako ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Na akifikiri anauma mdomo wa chini, anakuwa kama msichana wa shule aliyekwama kwenye hesabu. Ameishi nyumbani kwangu muda wote huo nikijua sauti yake, hatua zake na chumvi yake, na uso wake nimeuona mara ya kwanza wiki hii. Nilipomtazama sana akauliza kama ana masizi. Nikasema ndiyo, akaenda kunawa.

Leo asubuhi aliniita kutoka mistari ya juu. "Mama, njoo taratibu, usimtishe." Nikaenda kwa ile njia yake ya nyasi. Alikuwa ameinamisha shina la giligilani, na juu ya ua kulikuwa na mdudu ambaye sisi sote hatumjui, mwembamba, wa kijani kibichi, amekaa na mabawa yake juu ya mgongo kama paa la nyumba. Kabla sijainama akaanza kunieleza, kwa ile sauti ya barua zake, neno kwa neno, akitafuta mfano wa kila kitu. Akasema mabawa yanapitisha mwanga kama kitambaa cha pazia. Akasema macho yake yana rangi ya dhahabu, kama vishanga viwili. Akasema anaosha mkono mmoja kwa mdomo. Akasema huenda ndiye anayetundika mayai yake juu ya nywele.

Nilikuwa namwona. Nilikuwa namwona mwenyewe, mpaka mishipa ya mabawa.

"Umemwona, Mama?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Endelea."

Mama yako